Hotuba ya Darajani

Kaeni, wapendwa, kaeni. Kwaya, asanteni, mmeimba vizuri, ila yule wa besi apunguze kidogo, maana vioo vya upande ule ndiyo kwanza tumevibandika.

Leo sitawachosha. Naona mnacheka kwa sababu nasema hivyo kila Jumapili. Haya, chekeni, lakini leo nina mfano mmoja tu, na mfano wenyewe ni wa mkimbiaji. Msianze kutazamana mkimtafuta ni nani. Nimemtunga mwenyewe juzi nikipalilia vitunguu saumu, kwa hiyo mtu asije akanisimamisha njiani na kuniambia nimemsema mjomba wake.

Kulikuwa na mkimbiaji mmoja, mtu wa milimani kama sisi, wa baridi na udongo mwekundu. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na mke, na binti mdogo aliyeitwa Paskalina. Kila mwaka kule kwao kulikuwa na mbio za kilomita kumi na tano. Wa kwanza, yeye peke yake, alichukuliwa kwenda kambini, akafundishwa, akalishwa, akapewa viatu vya maana, na akionekana anafaa anapanda ndege kwenda kukimbia nchi za watu. Wa pili alipewa fulana.

Huyu bwana alikuwa na fulana nne.

Na kulikuwa na sharti. Ukishafika miaka thelathini huandikishwi tena, hata ukimbie kuliko swala. Kwa hiyo mwaka ninaousema ulikuwa wa mwisho kwake. Awe wa kwanza mwaka huo, la sivyo abaki kijijini na fulana zake, na ile ndoto aliyotembea nayo tangu yuko darasa la tatu iishie hapo hapo. Mkewe alilijua hilo. Akamwambia, "Baba Paskalina, miezi hii mitatu shamba niachie. Wewe kimbia, kula, pumzika. Jembe nitalishika mwenyewe." Na akalishika kweli. Mnajua maana yake, kina mama. Kina baba, nyie mnatazama chini, sawa.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Ile fulana ya nne aliipataje? Mwaka uliotangulia, kwenye kilomita ya kumi na moja, njia inashuka mtoni, na hapo kuna daraja la mbao, jembamba, watu wawili wakipita lazima wajibane. Walikuwa wawili mbele, yeye na bwana mmoja wa kijiji cha ng'ambo. Wakaingia darajani pamoja. Yule wa ng'ambo kiwiko chake kikampata mwenzake mbavuni. Mkimbiaji wetu akayumba, akajigonga kwenye ukingo, pumzi ikakatika. Mpaka aje kujikusanya, mwenzake yuko mlimani. Yule akaenda kambini, huyu akaenda nyumbani na fulana.

Inauma au haiumi? Inauma. Mimi sisemi haiumi.

Tangu siku hiyo hakumsalimia tena. Mwaka mzima. Mnadani akimwona upande wa mbuzi, yeye anahamia upande wa mitumba, hata kama alichofuata mnadani ni mbuzi. Kuna siku alirudi nyumbani na suruali tatu na mkewe akamuuliza beberu yuko wapi.

Basi, miezi mitatu kabla ya mbio, kocha wake akaenda semina mjini. Akarudi na jambo jipya. Akamwita, akamkalisha chini, akamwambia, "Kuanzia leo utakimbia mara mbili. Asubuhi utakimbia kwa miguu, alasiri utakimbia kwa kichwa."

"Kwa kichwa, kocha?"

"Kwa kichwa. Kaa mahali pametulia, ufumbe macho. Uzione zile mbio tangu bunduki mpaka utepe. Usijitazame kwa mbali kama mtu anayetazama video, ingia mwenyewe ndani ya miguu yako. Sikia pumzi, sikia matope yanavyonata, sikia harufu ya mto. Weka saa pembeni. Kama barabarani unatumia dakika hamsini, kichwani tumia hamsini. Na pale mahali pagumu usiparuke, pakimbie polepole, mara nyingi zaidi, mpaka pazoeleke. Wakimbiaji wakubwa wanafanya hivyo. Siku ya mbio hutakuwa na muda wa kufikiri. Mwili utafanya kile ulichouzoesha, basi."

Mkimbiaji akaliona ni jambo zuri. Hata mimi naliona ni jambo zuri. Mnisikie vizuri, kocha hakukosea mahali popote.

Siku ya kwanza alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, akafumba macho, bunduki ikalia, akakimbia kichwani kama mita mia mbili, akalala usingizi. Siku ya pili alifika zahanati, kuku akamrukia mapajani. Siku ya tatu alikuwa ameshaanza kulipatia, amefumba macho, anahema, magoti yanachezacheza, jasho linamtoka, mara mama mkwe wake huyo, amekuja kumwona mjukuu. Akasimama pale na kikapu chake, akamtazama mkwewe kwa muda mrefu. Halafu akaenda shambani kwa binti yake.

"Mwanangu, yule ni mgonjwa au ni mvivu? Kama ni mgonjwa, nimpeleke kwa mchungaji aombewe."

"Mama, anakimbia."

Mama akageuka, akamtazama tena pale kwenye kigoda. "Basi amefika wapi?"

Binti akainamia jembe lake. Akaendelea kulima.

Lakini lile swali la mama mkwe, wapendwa, ndilo lilikuwa swali lenyewe. Amefika wapi? Kwa sababu sasa nitawaambia kilichokuwa kinatokea kichwani. Bunduki inalia, anatoka vizuri. Anapita kituo cha maziwa, anasikia mpaka harufu ya madumu. Anapita zahanati. Anashuka mtoni, miguu myepesi, pumzi iko sawa. Anafika darajani. Na pale darajani, nani anamsubiri? Yule bwana wa ng'ambo. Na kiwiko chake.

Basi mbio zinaishia hapo.

Wiki ya kwanza alikuwa anamwambia sentensi moja tu: "Ulinigonga, na unajua kwamba ulinigonga." Ilikuwa nzuri, fupi, ingetosha. Lakini mnajua mambo haya. Kesho yake akaona ile sentensi haina uzito, akaongeza nyingine mbele yake. Baada ya wiki mbili ilikuwa na utangulizi. Baada ya mwezi ilikuwa hotuba kamili, ina sehemu tatu, kama mahubiri yangu siku ambazo sijajiandaa. Sehemu ya kwanza ilihusu kiwiko. Sehemu ya pili ilihusu tabia za watu wa ng'ambo kwa jumla, tangu enzi za babu zao na ugomvi wa mpaka wa malisho. Sehemu ya tatu ilikuwa swali moja la kumalizia, zito, ambalo mtu mwenye aibu hawezi kulijibu.

Na yule bwana wa ng'ambo, huko kichwani, naye alikuwa anafanya kazi yake. Kwanza alikuwa anakana. Halafu anapaliwa. Halafu anatazama chini, midomo inatetemeka. Na mwishoni kulikuwa na watu wanapiga makofi. Darajani, kilomita ya kumi na moja, sijui watu hao walitoka wapi, lakini walikuwepo, wengi tu.

Mkewe akirudi shambani na jembe begani anamkuta kwenye kigoda, macho yamefumbwa, kidole kiko hewani.

"Baba Paskalina, unamsema nani?"

"Niache. Nafanya mazoezi."

Na mkewe huyo alikuwa na habari. Aliisikia mnadani, tena habari ya maana, inayomhusu mumewe moja kwa moja. Jioni hiyo hiyo akaanza kumwambia, "Leo nimesikia jambo kuhusu yule bwana wa ng'ambo."

"Katika nyumba hii mtu huyo hatajwi."

"Sijamtaja jina."

"Hata habari zake sizitaki."

Wiki iliyofuata akajaribu tena, akakatizwa kabla hajafika kati. Mara ya tatu mwanamume akainuka mezani na kuacha ugali, jambo ambalo kwa mkimbiaji ni zito. Basi mke akanyamaza. Wake zetu wakinyamaza sisi tunadhani tumeshinda, si ndiyo?

Kocha naye alikuwa anapita kumkagua. "Yale mazoezi ya kichwa unayafanya?"

"Kila siku, kocha. Siku nyingine mara mbili."

"Mwili unasisimka?"

"Unasisimka kabisa. Mpaka natetemeka."

Kocha akafurahi sana, akaenda zake. Hakuuliza kama anafika mwisho.

Siku ya mbio ikafika. Watu wamejaa, ngoma, vumbi, vipaza sauti vinavyokoroma kama hiki chetu. Mkewe alikuwa amekaa kwenye utepe na Paskalina mgongoni, mikono yake imechubuka kwa jembe la miezi mitatu, moyo wake wote uko kwa mume wake. Mkimbiaji wetu kwenye mstari alikuwa anageuza shingo huku na huku. Anamtafuta mtu wake. Hamwoni. Akajisemea, "Amejificha nyuma. Ndiyo zake."

Bunduki ikalia. Jamani, alikimbia. Alikimbia siku hiyo kama hajawahi kukimbia. Alipopita kituo cha maziwa walikuwa watano mbele, alipopita zahanati walikuwa wawili, kilomita ya tisa alikuwa peke yake. Ukigeuka nyuma, anayemfuata yuko mbali, hatua mia tatu, na alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyeingia mbio zile apunguze tumbo, kisha akagundua tumbo limekwisha na miguu bado inataka. Mkimbiaji wetu alikuwa anakwenda kuchukua ile nafasi. Kambi ilikuwa yake. Miaka yote ile, fulana zote zile, jembe la mkewe, vyote vilikuwa vinakwenda kulipwa, na zilikuwa zimebaki kilomita nne tu.

Akashuka mtoni.

Darajani, mwaka huo, waandaaji walikuwa wameweka meza ya maji. Na aliyesimama mezani, amevaa kizibao cha waandaaji, goti limefungwa bandeji, mkono mmoja umeshika fimbo na mwingine umeshika kikombe cha maji umenyooshwa mbele, ni nani? Ni yule bwana wa ng'ambo.

Hiyo ndiyo habari ambayo mke alikuwa nayo. Yule bwana kule kambini goti lilivimba mwezi wa nne, akarudishwa nyumbani. Hakimbii tena. Mnada mzima ulijua. Mpaka mbuzi walijua. Mtu mmoja tu hakujua, kwa sababu alikuwa upande wa mitumba.

Sasa kumbukeni kocha alisema nini. Siku ya mbio mwili utafanya kile ulichouzoesha. Na mwili ni mtiifu, wapendwa, haukuuliza swali. Kifua kikapanda. Miguu ikapunguza. Pumzi ikabadilika. Likaja lile tetemeko alilolizoea. Na miguu ile, iliyokuwa inaongoza kwa hatua mia tatu, ikasimama mbele ya meza ya maji. Kidole kikapanda hewani.

"Wewe," akasema.

"Kunywa, kaka," yule bwana akamwambia. "Uko mbele peke yako. Kunywa upite."

"Mwaka jana, hapa hapa, ulinigonga, na unajua kwamba ulinigonga."

Yule bwana akabaki na kikombe chake mkononi. "Nilikugonga?"

"Kwa kiwiko."

"Ndugu yangu, mimi mwaka jana hapa nilikuwa sioni hata daraja lenyewe. Macho yalikuwa na giza, nilikuwa nashikilia hewa. Kama nilikugonga, nisamehe sana, sikujua. Haya, kunywa, kimbia."

Mmesikia? Imekwisha. Ameombwa msamaha kwa sentensi moja, na maji juu. Mwaka mzima wa kisirani umemalizwa kwa muda ambao mtu anafunga kamba ya kiatu. Kilichobaki ni nini? Kunywa, kupita, mlima, utepe, mkewe.

Lakini kwenye mazoezi haikuwa hivyo. Kwenye mazoezi yule bwana alikuwa anakana. Mkimbiaji wetu akasimama pale ameduwaa, kama mwanakwaya aliyepewa karatasi ya wimbo mwingine. Hotuba ilikuwa na sehemu tatu, na yeye ndiyo kwanza amemaliza ya kwanza. Akafanyaje? Akasema, "Subiri, sijamaliza."

Na akaingia sehemu ya pili. Watu wa ng'ambo na tabia zao, tangu babu zao.

Yule mwalimu akafika. Akachukua maji mezani mwenyewe, akasema "Samahani, naomba nipite," akapita.

"Kaka," yule wa ng'ambo akamwambia, "umepitwa."

"Usinikatize."

Akapita mwingine. Akapita wa tatu, huyu hata maji hakunywa, alikuwa anashangaa. Na mkimbiaji wetu akafika sehemu ya tatu, akauliza lile swali zito ambalo mtu mwenye aibu hawezi kulijibu. Akasubiri midomo itetemeke. Akasubiri na makofi.

Yule bwana wa ng'ambo akaweka kikombe mezani taratibu. Akamwambia kwa upole, "Mimi niliomba wanipange hapa darajani. Wenzangu walitaka nikae kwenye utepe kwa sababu ya goti, nikakataa. Niliwaambia mwaka huu ni wake, nataka nimpe maji kwa mkono wangu."

Hapo ndipo alipozinduka. Hapo ndipo alipoona mgongo wa mtu wa tatu unaishilia mlimani. Akakimbia, jamani, alikimbia huku analia, lakini ule mlima ni mlima, na mwili umeshapoa. Akamaliza wa nne. Wa nne hata fulana hakuna.

Kocha alikuwa kwenye utepe na saa yake, haelewi. "Kilomita ya tisa uliongoza. Darajani tumbo lilikukamata?"

"Hapana, kocha."

"Ulianguka?"

"Hapana."

"Sasa ulifanya nini?"

"Nilifanya yale mazoezi," akasema. "Vile vile nilivyoyafanya kila siku."

Kocha akamtazama. Akamuuliza jambo ambalo alipaswa kuliuliza miezi mitatu nyuma. "Huko kichwani, ule mlima baada ya daraja uliukimbia mara ngapi?"

Mkimbiaji akafikiri. Akafikiri tena. Hakuwahi kuukimbia hata mara moja. Siku tisini alikaa kwenye kile kigoda, na siku tisini hakuwahi kuvuka daraja. Utepe hakuwahi kuuona. Sura ya mkewe akimsubiri hakuwahi kuiona. Sura moja tu ndiyo aliyoiona kila siku, akaisoma mpaka akaikariri, nayo ilikuwa sura ya mtu asiyempenda.

Na mkewe? Alifungua khanga, akamfuta uso, kwa mikono ile ile iliyochubuka. Halafu akasema tu, "Nilitaka kukuambia kwamba hakimbii." Akambeba mtoto vizuri, wakaanza kurudi nyumbani.

Naona hamcheki tena. Mlikuwa mnacheka vizuri sana.

Sasa sisi. Hakuna hata mmoja humu ndani aliyekwenda semina mjini, lakini mazoezi haya tunayajua vizuri kuliko yule kocha. Mama anafua, peke yake kwenye karai, hakuna mtu, lakini lile shati linapigwa kwa sababu anamjibu wifi yake. Wifi yuko wilaya nyingine. Baba anakata majani ya ng'ombe, midomo inacheza, anamweleza jirani kuhusu ile miti ya mpakani, na panga linazidi kasi. Ng'ombe anashangaa leo majani ni mengi.

Na msidhani mchungaji amesimama juu hapa kwa sababu yeye amepona. Wiki hii nilikuwa na jambo na katibu wa usharika, kuhusu hiki kipaza sauti. Nilimjibu nikiwa kwenye pikipiki, kwenye ile barabara ya kwenda mtaa wa juu. Nilimjibu nikinyoa. Nilimjibu, Mungu anisamehe, nikiwa naendesha ibada nyumbani kwa mtu. Nimehesabu, mara nane. Ijumaa nikakutana naye ana kwa ana, akanisalimia, "Shikamoo, Mchungaji." Nikaitikia kwa ukali mpaka akarudi nyuma hatua moja. Maskini katibu, hakujua kwamba tumeshagombana mara nane. Katibu, uko wapi? Uko pale. Nisamehe, baba. Sentensi moja tu, sina sehemu ya pili.

Ndugu zangu, tunamwomba Mungu amani dakika tatu asubuhi, halafu mchana kutwa tunafanyia mazoezi vita. Siku likitokea jambo tunashangaa: kwa nini nilisema vile? Neno lile lilitoka wapi? Lilitoka kwenye kigoda. Umelizoesha siku tisini, sasa unataka lisitoke? Na katika ile sala tunayoisali wote pamoja, tukifika pale pa kusameheana, tunapapita mbio kama mtu anayepita karibu na nyumba yenye mbwa mkali. Kocha alisema mahali pagumu usiparuke. Sisi tunaparuka kila Jumapili, kwa sauti moja, tena kwa kiitikio.

Na wakati huo tunaongoza. Hilo ndilo linaniuma mimi. Mungu amekupa afya, amekupa mke anayekulimia, amekupa watoto, njia iko wazi mbele yako, na wewe umesimama mtoni unamhutubia mtu aliyeshika maji yako.

Kwa hiyo leo sifungi kwa maneno. Leo tunafanya mazoezi. Fumbeni macho. Wote, na wewe wa besi. Wazee wa kanisa, hata nyie. Sitaki mtu ajitazame kwa mbali, ingia ndani ya miguu yako mwenyewe.

Ibada imekwisha. Unainuka kwenye benchi, unasikia mbao zinalia. Unatembea, unasikia baridi ya mlangoni. Unatoka nje, jua linakupiga machoni, na unamwona yule mtu. Humtafuti wewe, unamjua ni nani, mimi simjui na sitaki kuambiwa. Yuko pale karibu na bomba, anamvika mtoto sweta. Usihamie upande mwingine. Mwili wako umeanza kutetemeka kidogo, si ndiyo? Uache utetemeke, umeuzoesha wewe mwenyewe. Sogea. Nyoosha mkono. Ushike mkono wake, usikie ulivyo, ni mkono wa mtu wa jembe kama wako. Sasa mwambie, "Habari za nyumbani?" Basi. Ukisikia sentensi ya pili inakuja, imeze. Halafu vuka, uendelee na safari, uone huko mbele kuna nani anayekusubiri.

Rudia tena, tangu kwenye benchi.

Mmefika? Fumbueni macho.

Kanisa hili lina mlango mmoja, na ninyi wote mtapita hapo. Wimbo wa kufunga leo hatuimbi, una beti sita, na katika beti sita mtu anaweza kuandaa hotuba. Amina. Tokeni sasa hivi, mwili haujapoa.